Dirisha la Kaskazini

Kila mwaka mwezi wa Agosti ninaporudi nyumbani, shangazi yangu huniuliza swali lile lile, nasi tukiwa tumeketi kwenye kibaraza cha nyumba yake huko Mpunguzi, Dodoma, mbele yetu kukiwa na shamba la zabibu zinazosubiri kuchumwa na malori ya barabara ya Iringa yakisikika kwa mbali: "Hivi mwanangu, ukiamka asubuhi huko Hispania, unafanya nini hasa?" Hanidharau. Anajua kwamba ninachora sura za watu kwa rangi za mafuta, anajua kwamba wapo wanaonilipa, na anajua kwamba banda lake la kuku liliezekwa bati kwa fedha za kazi hiyo. Asichokielewa ni jinsi kazi ya kumtazama mtu inavyoweza kuijaza siku nzima, maana kwa hesabu yake mtu hutazamwa mara moja akajulikana. Mwaka huu niliamua kumjibu kwa kirefu, na kwa kuwa jibu lilichukua jioni tatu na birika kadhaa za chai, nimeona si vibaya nikaliandika.

Jibu lenyewe linaanzia kwenye dirisha. Ninaishi Madrid, katika mtaa wa Lavapiés, ambako duka la Mbangladeshi hupakana na mgahawa wa Msenegali na baa ya Mhispania aliyezaliwa papo hapo, kwenye nyumba ya ghorofa isiyo na lifti. Jiko langu ni dogo kiasi kwamba mlango wa jokofu haufunguki mpaka nitoke nje, lakini chumba cha kazi kina dirisha pana linalotazama kaskazini, na kwa ajili ya dirisha hilo ninalipa kodi ambayo shangazi akiisikia hushika kichwa. Wachoraji wa Ulaya wanalitafuta dirisha la namna hiyo kwa sababu iliyo wazi. Madrid iko kwenye latitudo ya nyuzi 40 kaskazini ya Ikweta, kwa hiyo jua huzungukia upande wa kusini, na dirisha la kaskazini, isipokuwa mapema asubuhi na jioni za kiangazi, halipati jua la moja kwa moja bali hupokea mwanga wa anga. Mwanga huo ni mtulivu. Kivuli cha pua ulichokiona saa nne asubuhi bado kitakuwa pale pale saa sita, na mtu aliyeketi mbele yako hatageuka kuwa mtu mwingine kila wingu linapopita. Watu hudhani kwamba mchoraji huishi kwa kusubiri mawazo yamjie. Mimi ninaishi kwa kusubiri anga, na nikilikosa dirisha lile sina kazi.

Baada ya dirisha linakuja suala la saa, ambalo lilinisumbua kuliko lugha. Sisi tunazihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, na mtoto wa Dodoma akiambiwa saa mbili asubuhi anajua bila kutazama ukutani kwamba mwanga umeshakomaa. Mwezi wa Desemba, Madrid, jua huchomoza saa mbili na nusu. Nilipofika mara ya kwanza nilimwambia mteja aje saa mbili kamili ili tuuwahi mwanga, akaja kwa adabu, tukakaa gizani tukinywa kahawa na kuangaliana. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, kwani jua huzama saa nne kasorobo usiku, na watoto wanacheza mpira uwanjani wakati ambapo nyumbani wangekuwa wamelala usingizi wa pili. Sababu si jua peke yake. Mwaka 1940 Hispania ilisogeza saa zake mbele ili zilingane na za Ulaya ya kati, na haikuzirudisha tena, ingawa Madrid iko magharibi ya mstari wa Greenwich. Matokeo yake ni kwamba wakati wa kiangazi jua halifiki juu kabisa hadi saa nane na robo mchana. Hata Dodoma halifiki hapo saa sita kamili, lakini tofauti yetu ni ya nusu saa na ushei ambayo hakuna anayeijali.

Nikalielewa jambo hilo, nikaacha kuwalaumu Wahispania kwa kula chakula cha mchana saa nane na cha usiku saa tatu au nne. Kwa jua lao wanakula mchana barabara, ila saa ya ukutani ndiyo inayowasema vibaya. Siku hizi sipangi kazi kwa saa ya ukutani. Ninaamka, ninafungua shata la dirisha, ninatazama ukuta wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, na ukuta ule ukishaacha kuwa wa buluu na kuanza kuwa wa kijivu, ninajua kwamba naweza kuanza kuchanganya rangi.

Picha moja ya sura, kwa namna ninavyofanya kazi, huhitaji vikao sita hadi vinane vya saa mbili kila kimoja. Miguu ya kiti naiwekea alama sakafuni kwa chaki, na mahali ninaposimama mimi pia nimepawekea alama, kwa sababu mtu akisogea kwa upana wa vidole viwili, sikio linahama. Kila baada ya dakika ishirini au zaidi kidogo tunapumzika, mteja ananyoosha mgongo, nami ninaigeuza picha isionekane, maana mteja akiiona katika kikao cha pili, wakati uso wake bado ni mabaka ya kahawia na kijani, hukosa imani na kuanza kukaza taya. Kikao cha kwanza sitegemei chochote chema kitoke. Mtu huja na uso wa kupigia picha ya pasipoti, na kwa muda wa saa nzima hunionyesha uso huo huo alioutayarisha nyumbani mbele ya kioo. Hakuna ujanja wa kumvua uso huo isipokuwa kumchosha kidogo na kumwacha aongee.

Nao huongea. Shangazi aliposikia kwamba Kihispania nimejifunza kwa kuwachora watu, badala ya kwenda darasani, alicheka hadi akaweka kikombe chini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wateja wangu wengi ni wazee, kwa mfano mfamasia mstaafu, mjane aliyekuwa mshonaji, au dereva wa treni ambaye watoto wake walichanga ili achorwe akitimiza miaka 80, na wazee hawaogopi kurudia maneno. Kumbe katika maneno yao yalikuwamo yetu, kwa kuwa Kiarabu kilikaa Hispania kwa karne nyingi kama kilivyokaa pwani yetu. Neno lao "hasta" ni ndugu wa "hata" yetu, na "azúcar" ni sukari. Siku moja mjane yule alimtaja shemeji yake kwa neno "mezquino", nami nikamwonea huruma shemeji huyo, nikidhani ni maskini, hadi nilipogundua kwamba neno lilitoka kwenye mzizi mmoja na letu likabadilika njiani, na kwamba alikuwa akimsema kuwa ni bakhili. Nilipomweleza maana ya neno hilo kwa Kiswahili alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba labda yote mawili ni kweli. Uso alioufanya wakati ule ndio uliobaki kwenye picha.

Baada ya chakula cha mchana sipokei wazee tena. Niliwahi kufanya kosa hilo. Dereva wa treni alikuja saa kumi kasoro, akiwa ametoka kula mlo wa bei moja ambao migahawa huuandaa siku za kazi, wenye sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji na kitu kitamu cha kumalizia, na hazikupita dakika kumi kidevu kikaanguka kifuani. Nilichora mikono yake wakati amelala. Ni mikono mizuri kuliko yote niliyowahi kuchora, na sikumwambia kamwe kwamba nilimwiba.

Mwezi wa Mei huwa ni wa watoto. Familia za Kikatoliki husherehekea komunyo ya kwanza kwa gharama ambayo kwetu ingetosha harusi ya heshima, na wavulana wengi huvalishwa sare ya mabaharia, nyeupe, yenye vifungo vya dhahabu. Nimewachora mabaharia wa miaka tisa katika mji ambao, kama Dodoma, hauna hata tone la bahari. Nikiwaza vizuri, miji hii miwili inafanana kwa mengi: yote iko kwenye uwanda wa juu katikati ya nchi, yote ni mikavu, na yote ilifanywa makao ya serikali kwa uamuzi, Madrid kwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili mwaka 1561 na Dodoma mwaka 1973. Wahispania wa mwambao huwabeza watu wa Madrid kama watu wa Dar es Salaam wanavyotubeza sisi kwa vumbi letu. Labda ndiyo maana sikuwahi kujiona mgeni kabisa.

Kuhusu karatasi nitasema kidogo, kwa sababu mwandishi yeyote aliye ugenini akianza kusema habari za karatasi hamalizi. Nimesajiliwa kama mtu aliyejiajiri, kwa hiyo ninachangia hifadhi ya jamii kila mwezi, na kila robo mwaka ninatoa hesabu ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa mchoraji anayeuza kazi yake mwenyewe ni asilimia 10 badala ya 21. Hilo ninalimudu. Kilichonishinda ni jina. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba na la pili la mama, na fomu zote zimetengenezwa hivyo. Mimi nina jina langu, la baba na la babu, kama Mtanzania mwingine yeyote. Karani wa ofisi moja aliyajaza kwa utaratibu wake, na tangu siku hiyo, katika nyaraka zangu za Hispania, babu yangu aliyechunga ng'ombe Mvumi maisha yake yote amekuwa mama yangu. Shangazi, ambaye babu huyo ni baba yake mzazi, alidai nimwambie kama kosa hilo linaweza kurekebishwa. Linaweza, lakini itabidi nipange foleni tena, na ninaamini mzee mwenyewe angecheka.

Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, jumba la makumbusho la Prado halitozi kiingilio, nami huenda mara nyingi kadiri miguu inavyoruhusu, kwani ni mwendo mfupi kutoka kwangu. Siendi kutalii. Ninakwenda kama fundi seremala anavyopita kwenye karakana ya mzee wake. Husimama mbele ya picha ya mchoraji wa Kihispania, Velázquez, ya mwaka 1656 iitwayo "Las Meninas", ambayo ndani yake mchoraji amejichora mwenyewe akiwa kazini, akiwa ameshika brashi nyuma ya kanvasi kubwa kuliko yeye, na ninatazama jambo moja tu, yaani mwanga ulivyoingia kutoka madirisha ya kulia na kuishia mahali ambapo alihitaji uishie. Wageni humtazama binti mfalme aliyesimama katikati. Mimi namtazama mtu ambaye naye, dhahiri, alikuwa na shida ya dirisha.

Jumba hilo hilo lina picha ya mtu mwingine ambaye ninamwona kuwa jirani yangu kuliko Velázquez. Juan de Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, mwenye asili ya Kiafrika, akawa mtumwa wa Velázquez na msaidizi wake wa kuandaa rangi. Mwaka 1650, wakiwa Roma, bwana wake alimchora picha ambayo leo iko New York, na mwaka huo huo akatia saini hati ya kumwachia huru. Pareja akawa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1661 alichora Wito wa Mtakatifu Mathayo, na pembeni kabisa upande wa kushoto akajiweka yeye, amesimama wima, akiwa na karatasi mkononi yenye jina lake. Wapo wanaosema hakuwa mchoraji mkubwa. Sina ugomvi nao, ila namna alivyosimama ni ya mtu aliyetazamwa kwa miaka mingi na hatimaye akaamua ni nani atakayemtazama.

Ninayasema haya kwa sababu ya rangi ya ngozi, suala ambalo wateja weusi wa Lavapiés hulileta mapema kabla hata hatujapatana bei. Katika Kihispania cha kawaida, penseli ya rangi ya waridi iliyopauka bado watu huiita "rangi ya nyama", kana kwamba nyama ya watu wote ni moja. Mama mmoja wa Kisenegali aliniambia waziwazi kwamba alikuwa ameshachorwa na mchoraji wa mtaani akatoka kama sufuria lililoungua. Kosa la mchoraji yule ninalijua, kwa kuwa nilikuwa nalo: ukianza na rangi nyeusi, uso unakufa. Ngozi nyeusi hupokea anga. Mahali panapong'aa, kwenye paji la uso na juu ya mashavu, mna ubuluu baridi, na vivulini mna joto la ngeu, ule udongo mwekundu. Mimi huanza na udongo wa kahawia uliochomwa, ngeu na buluu, na chupa ya rangi nyeusi inaweza kumaliza mwaka bila kufunguliwa. Ngeu hiyo ndiyo waliyoitumia watu wa kale kwenye miamba ya Kolo, Kondoa, ambako tulipelekwa na mwalimu nikiwa darasa la sita, na imekaa mwambani karne kwa karne bila fremu wala kioo. Wahispania huiita "almagre", ambalo pia ni neno la Kiarabu. Ninainunua dukani kwa bei ya dhahabu, hali barabara ya kwenda kwa shangazi imejaa.

Swali la kwa nini ni Agosti sijalijibu. Ninarudi mwezi huo kwa sababu Madrid hufungwa. Joto hupita nyuzi 35, wenye uwezo huenda baharini, wengine hurudi vijijini kwa mababu zao, na maduka hubandika karatasi mlangoni kwamba yatafunguliwa Septemba. Hakuna anayetaka kuketi mbele ya mchoraji huku jasho linamtiririka. Hapo ndipo ninapofunga brashi na rangi, nikaja kwenye baridi la asubuhi na upepo wa Dodoma.

Safari hii, baada ya jioni ile ya tatu, shangazi alisema, "Basi nichore mimi, nione huo ugumu." Asubuhi nikaanza kwa kosa la mazoea: nikaweka kiti upande wa kaskazini wa nyumba. Kabla ya saa nne jua lilikuwa usoni pake. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini ya Ikweta, na kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli tulivu kiko kusini, na kuanzia hapo hadi Machi nyingine mambo hubadilika. Kwetu hakuna dirisha moja linalofaa mwaka mzima. Tukahamia nyuma, kwenye kibaraza kinachotazama shamba, nikachora alama za miguu ya kiti kwa mkaa.

Mwanga ulikuwa mzuri kuliko wa Lavapiés. Vingine vyote vilikuwa vigumu. Upepo ulirusha vumbi likaganda kwenye rangi mbichi, na nilipojaribu kulitoa kwa ncha ya kisu nikaliacha, kwani lilikuwa rangi ile ile niliyokuwa naitafuta. Kila aliyepita njia ya shambani alipaza sauti, "Mbukwenyi!", na shangazi, ambaye hawezi kuacha salamu ipite bila kujibiwa, aligeuza shingo, akauliza habari za mgonjwa, za ng'ombe na za mume, kisha akarudi akiwa na uso mwingine. Nilimwomba apumzike, akasema hajachoka. Nilimwomba asicheke, akacheka. Siku ya tatu aliinuka bila ruhusa, akaja kusimama nyuma yangu, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Hapa umemchora mama yangu," alisema.

Sikujua kama ni sifa au ni lawama. Nilimwambia bado vikao vinne.

Siku ya nne wachumaji wa zabibu walifika alfajiri, na asingeweza kuketi, kwa sababu asiposimamia, masanduku hujazwa majani. Nilipofika kibarazani nikakuta kiti hakiko wazi. Mjukuu wake wa miaka minane alikuwa amekaa juu yake, amejifunga kanga ya bibi yake, miguu ikining'inia juu ya alama zangu za mkaa.

"Bibi amesema uchore kanga kwanza," aliniambia, akiwa amenyoosha shingo kama askari wa gwaride. "Halafu, niangalie wapi?"